Kambale Mkononi mwa Balbina

Mzee Fridolin wa Viwanja Sitini, mstaafu wa reli, aliwahi kuvua kambale ambaye kichwa chake kilipofika Ifakara, mkia ulikuwa bado unaaga Malinyi. Alipotolewa majini, Mto Kilombero ulishuka kina na mpunga wa watu ukanyauka. Ukibisha, kauulize mpunga.

Mwenye haki ya kubisha alikuwa mmoja tu, mkewe Balbina, naye alikuwa amefariki. Nyumba ilipoa mpaka mzee akawa anagombana na birika, apate wa kununiana naye. Tena sura ya mkewe ilianza kumtoroka. Sauti aliikumbuka, kanga alizikumbuka. Sura ikawa inakuja nusu, halafu inageuka na kuondoka.

Misa ya mwaka ikakaribia, ikatakiwa picha. Akafungua simu ya marehemu. Picha zilikuwa tele, ila zote zilipita kwenye filta. Balbina wa kweli alikuwa na mashavu yaliyoshiba na kidevu chenye mwenzake. Lakini miaka ya mwisho, kwa kushinda na tamthilia na wale wadada wa kwenye simu wenye viuno vya nyigu, akaanza kujiona ameumbwa kwa haraka. Picha za zamani akazichoma jikoni. Kwenye simu akajichonga pua, akajipunguza shavu, akajing'arisha.

"Shikamoo," mzee akamwamkia yule mwanamke mwembamba wa kwenye simu, maana hawakuwahi kukutana.

Picha moja ilinusurika, kwa kuwa aliificha mzee mwenyewe ndani ya redio mbovu. Balbina amemshika kambale karibu na kidevu, anacheka mpaka macho yamefumba. Mashavu yote yapo. Na kambale ndiye yule yule wa Malinyi. Urefu wake, kandambili.

Akaipeleka kwa Yasser, mpiga picha wa Mlabani, aikuze.

"Babu, huyu samaki nimkate?"

"Ukimkata, kidevu kinaondoka naye."

"Basi nimnenepeshe. Namfanya mtumbwi sasa hivi. Nani atajua?"

Kwenye kompyuta kambale akavimba, akavuka ukingo wa picha. Mzee akameza mate. Ifakara nzima ingemwomba radhi! Kisha akamtazama Balbina. Bado alikuwa anacheka, lakini haikujulikana tena anacheka nini.

"Mrudishe."

"Babu! Si ndiyo stori yako hii?"

"Alikuwa anacheka udogo wa huyo samaki. Mrudishe. Na hayo mashavu usiyaguse."

Baada ya misa watu walikuta picha ukutani, sebuleni. Angelina, mdogo wa marehemu, akashika kiuno.

"Shemeji, umemwaibisha dada! Na mashavu yote haya?"

"Hayo ndiyo niliyoyaoa, shemeji."

Jirani yake Gasper akasogea na sahani yake ya wali, akachungulia. "Mzee, usiniambie ndiye huyu. Wa Malinyi?"

"Ndiye."

Walicheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Halafu wakaosha masufuria, wakapeana pole, wakaondoka.

Mzee Fridolin akavuta kigoda mbele ya picha, akaanza kuisimulia safari ile upya, tangu alipotia ndoano majini. Alipofika penye mkia kuaga Malinyi, akanyamaza kidogo, kumpa mwenzake nafasi ya kucheka.