Ukurasa wa Kwanza

Sahla aliingia ukumbi wa mikutano akakuta viti vyote vimekaliwa ila kimoja, nacho kimewekwa peke yake upande wa pili wa meza, kama cha mshtakiwa. Akatoa salamu. Aliyeitikia ni Profesa Musyoka tu, naibu mkuu wa chuo, naye aliitikia akitazama karatasi zake.

Ilikuwa miezi saba tangu atoke kwao Malindi kuja kuajiriwa na chuo kikuu hiki cha Kilifi. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: mifumo yote ya kompyuta ijuane, na asiwepo mtu wa kuugusa mmoja bila ya wenye mingine kuwa na habari. Kuifanya ndiko kulikomtoa jasho. Alikuta ofisi ya usajili ina mfumo wake, mabweni yana wake, maktaba ina wake, na mwanafunzi mmoja ana nambari tatu zisizofanana. Akazunguka mlango hadi mlango, akachora ramani moja ya kuonyesha upi unautegemea upi. Kisha akaleta fomu ya kurasa mbili. Anayetaka kubadilisha kitu aijaze, Sahla aipitie na kutia sahihi, nakala ibaki dawati la huduma, pale wanapopiga simu watu waliokwama.

Hapo ndipo alipojitafutia maadui. Wa kwanza alikuwa Gona, mkuu wa seva.

"Miaka kumi na miwili nazilea seva hizi," Gona alimwambia mbele za watu. "Leo niombe ruhusa kwa mchoraji?"

Jina likamganda. Akipita ukumbini, mtu husema "mchoraji huyo," na wengine wakacheka puani. Mikutano ya idara ilihamishwa saa bila yeye kuambiwa. Akiingia chumba cha chai, maongezi hukatika, vikombe vikaoshwa upesi upesi.

Hata kule dawati Sahla hakuwa na mtu wa upande wake. Mkuu wa dawati alikuwa Nyevu, mama wa miaka hamsini na sita, tena mamake mdogo Gona. Gona ndiye aliyempatia kazi ile. Sahla alimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba kavu, macho hayainui. Fomu zilimwudhi. Kila iliyomfikia alilazimika kuitoa nakala, kuipiga muhuri wa tarehe, kuiandika daftarini na kuifungia kabatini.

Mwezi wa Novemba, Gona alileta fomu ya kuzihamishia kumbukumbu za wanafunzi kwenye seva mpya. Sahla aliisoma mara mbili. Siku ya kazi iliandikwa tarehe kumi na nane Desemba, mitihani ikiwa imekwisha. Akatia sahihi ukurasa wa pili, nakala ikaenda dawati, naye Gona akabaki na fomu yenyewe.

Gona hakungoja Desemba. Alizihamisha Jumapili moja ya Novemba, mchana kweupe, chuo kikiwa kitupu. Jumatatu asubuhi wanafunzi walikwenda kutoa kadi za mtihani, na mfumo wa kadi, uliokuwa ukizitafuta kumbukumbu mahali pa zamani, haukumtambua hata mmoja. Ilipofika adhuhuri watu elfu moja na mia mbili walikuwa wamesimama juani, na Jumanne wakavunja lango. Mtihani wa kwanza ukaahirishwa.

Ndiyo maana ya kikao kile.

"Bwana Gona," alisema Profesa Musyoka, "nani alikuruhusu?"

Gona alisimama, akaisukuma fomu katikati ya meza. "Huyo hapo. Sahihi yake hiyo. Sisi tulifanya alivyotaka yeye na ramani yake."

Sahla aliivuta fomu. Sahihi ilikuwa yake, haina shaka. Aliufunua ukurasa wa kwanza. Tarehe ilikuwa ya Jumapili ile ile.

"Ukurasa huu si nilioupitisha," alisema. "Ulikuwa na tarehe kumi na nane Desemba."

"Ulikuwa!" Odera, msajili wa chuo, aliigonga meza. "Wanafunzi wangu wamevunja lango, wewe waniambia ulikuwa? Profesa, tangu aje mama huyu hatujapumua. Arudi kwao Malindi akachore nyumba."

Watu wakacheka. Sahla aliuma meno. Hakuweka nakala kwake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka kanuni kwamba nakala ikae dawati peke yake, zisije zikazagaa mbili tatu.

"Nakala iko dawati," alisema. "Mama Nyevu anayo."

Macho yote yakamgeukia Nyevu, aliyeketi mwisho wa meza, faili juu ya magoti. Gona hakugeuka. Alisema taratibu, "Mama, fikiri kwanza."

Nyevu alihamisha faili kutoka magotini hadi mezani.

"Mimi huyu simpendi," alisema, akimwonyesha Sahla kwa kidevu. "Nasema wazi. Amenijazia kazi, ana maneno makavu, na siku moja alinisahihisha mbele ya wageni. Akiondoka sitamlilia." Akafungua faili. "Lakini siku mbili simu zile zilinilia mimi. Nimetukanwa na watoto wa watu matusi ya nguoni, nami sikuwa na jibu la kuwapa, kwa sababu wewe, Gona, hukunambia neno. Mamako mimi! Ungenambia ningewaandaa."

Akaiweka nakala mezani. Muhuri ulikuwa wa tarehe nne Novemba, na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mkono wa Gona mwenyewe: kumi na nane Desemba.

Hakuna aliyemwomba Sahla radhi. Odera aligeukia dirishani. Gona alipewa barua ya onyo, si zaidi, maana hakukuwa na mwingine aliyezijua seva zile. Kikao kikapitisha kwamba tangu siku hiyo fomu ni lazima kwa wote, na mwenyekiti wa kuisimamia kanuni awe Odera. Sahla aliandika uamuzi huo kwa hasira.

Nje, mlangoni, Sahla alimsubiri Nyevu. "Ahsante, mama."

"Usinishukuru," Nyevu alimjibu akipita. "Sikukufanyia wewe."

Jumatano iliyofuata Gona aliingia ofisini kwa Sahla bila kubisha, akaitupa fomu mpya juu ya meza, akasimama mikono kifuani. Sahla aliisoma mstari kwa mstari, kisha akairudisha.

"Hukuandika mtarudije nyuma kazi ikiharibika."

Gona alimkazia macho. Sahla hakuyakwepa yake. Mwishowe Gona akavuta kiti kwa kishindo, akaketi, akaandika.

"Waona raha sasa," alisema.

"Andika vizuri," alisema Sahla. "Mwandiko wako hausomeki."