Lita Tano Tu

"Lita tano tu," nilimwambia baba, nikashusha kioo nusu.

Alikuwa ameshakamata bomba. Akainama, akanichungulia chini ya ukingo wa kofia yake ya kazi, akalitazama gari kutoka taa za mbele hadi za nyuma, kisha akasema, "Tano? Umenunua pikipiki?"

Nilicheka, kwa sababu alitaka nicheke. Nikamweleza kwamba gari lenyewe ndilo lililodai. Lilikuwa haibridi ya kuchomeka, lenye betri kubwa ya kuchaji ukutani pamoja na tangi la petroli, ambalo kwangu lilikuwa pambo tu. Karibu mwaka mzima sikuwa nimeliongezea kitu. Asubuhi ile maandishi ya manjano yalitokea kwenye dashibodi, yakisema petroli iliyomo imezeeka, niongeze mpya. Nayakumbuka maandishi yale kwa aibu. Moyo wangu haukunituma kwa baba yangu. Nilitumwa na gari.

Baba alijaza watu mafuta kwa miaka thelathini na mmoja, kituo kilekile, pampu ileile namba tatu, ile ya polepole ambayo wateja wenye haraka waliikwepa. Nyumbani alikuwa bubu kasoro salamu. Alikaa kwenye kiti mikono magotini, mithili ya mgeni anayemsubiri mwenye nyumba, na ukimsemesha anakujibu, "Haya." Kwenye simu ndiyo usiseme: alipaza sauti, "Hamjambo? Salama," akakata. Lakini mpe bomba mkononi, macho yake yawe kwenye tarakimu zinazozunguka na mwanawe awe dirishani hana pa kukimbilia, basi maneno yalimtoka. Kila Jumamosi nilimpelekea gari langu la zamani, lile lililokunywa mafuta bila haya, nikasema, "Jaza," tukapata dakika zetu nne au tano. Hapo ndipo aliponiambia kwamba mama hatapona. Hapo ndipo nilipomwambia nataka kuoa, naye bila kuinua uso akauliza, "Yule anayecheka kwa sauti?" Nikasema ndiye. "Oa." Habari zote kubwa za familia yetu nilizipokea zikinuka petroli.

Kisha nikanunua gari jipya, nikavimba kichwa.

Ofisini kwetu, ambako tunachora mifereji ya maji ya mji, hakuna aliyesalimika. Nilimweleza kila mtu, mpaka mpika chai, kwamba mwaka mzima sijanusa petroli. Natoka kazini, nachomeka gari, asubuhi naondoka. Siku moja tulikuwa kwa mashemeji zangu, baba akiwepo, nikawahutubia kwamba miaka kumi ijayo vituo vya mafuta vitakuwa makumbusho. Baba akauliza kwa upole, "Na sisi watatuweka ndani ya kioo?" Wote wakacheka, na mimi nikawazidi. Mke wangu peke yake hakucheka. Tulipokuwa njiani kurudi akaniambia, "Baba yako hajakuona kituoni miezi mingapi? Nenda." Nikamuuliza niende kufanya nini, mafuta ninayo.

Kwa hiyo Jumamosi ile, nilipotokea, baba alikuja mbio kidogo, na yeye hakuwa mtu wa kukimbia. Amekonda, nilijiambia. Nikajiambia pia kwamba wazee hukonda. Lile shati la kazi lilimpwaya mabegani, na kabla ya kubonyeza bomba aligeuka pembeni akakohoa ndani ya kitambaa, akakikunja haraka na kukitia mfukoni.

Tarakimu zikaanza kuzunguka.

"Kuna neno nilitaka tuongee, mwanangu," alisema, macho yake kwenye pampu. "Si kubwa. Jumatatu, kama utakuwa na nafasi..."

Pampu ikakatika. Tano kamili.

Hata namba tatu, pamoja na uzembe wake wote, haiwezi kuzivuta lita tano zikawa mazungumzo. Baba aliliacha bomba palepale kwenye tangi, akalitingisha ili tone la mwisho lidondoke, akalitingisha tena, na tena. Nilimwona. Sitasema sikumwona. Tangi lilikuwa na nafasi tele. Ningesema tu, "Jaza," tungekuwa na muda wetu. Ningeweza hata kulisogeza gari kando ya ukuta na kushuka. Nyuma yangu lori likapiga honi.

"Unawahi?" aliniuliza.

"Nawahi, baba."

"Haya. Nenda. Tutaongea."

Akapangusa kioo cha mbele, ambacho kilikuwa safi, akarudi nyuma hatua mbili ili nipite.

Wiki saba baadaye alianguka kazini. Aliyenipigia simu ni mhudumu mwenzake wa pampu namba nne, mwanamke tuliyemwita Bi Risiti kwa sababu hakuwahi kumruhusu mteja aondoke bila karatasi yake. Alimwita baba kaka, kwa hiyo kwangu akawa shangazi. Nilipofika hospitali, baba alikuwa anapumua kwa mdomo, amefumba macho. Daktari alisema ni mapafu, na kwamba ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi. Nilikaa naye siku mbili. Nilimwambia kila kitu nilichowahi kukificha na kila kitu nilichosahau kusema, na hakujibu hata "Haya." Siku ya tatu tukamzika.

Mwaka uliofuata wakazing'oa pampu. Wakajaza zege mashimo ya matangi, wakasimamisha mashine za kuchajia, sita kwa mstari, zenye vioo vinavyowaka. Nilikikwepa kituo kile kwa muda mrefu, mpaka siku niliporudi kutoka safari ya kikazi, betri imekwisha, petroli nayo imekwisha, mvua inanyesha. Bi Risiti ndiye aliyetoka na mwavuli. Walikuwa wamembakiza kuangalia mashine. Alichomeka waya, akafungua mlango wa abiria, akaketi karibu nami bila kuombwa.

"Dakika arobaini," alisema. "Watu wa umeme wanakaa. Wengine wanalala, wengine wananisimulia ndoa zao. Kaka angepapenda hapa."

Mvua ilipiga juu ya bati la gari, naye akaukunja mwavuli, akauweka miguuni.

"Ile Jumatatu, baada ya Jumamosi uliyokuja, alikuwa na miadi hospitali. Sijui kama ulijua."

"Sikujua."

"Daktari alimwambia aje na mtu wake, ili wapange upasuaji mapema. Nikamwambia, twende mimi na wewe. Akakataa. Akasema, 'Mwanangu atakuja Jumamosi, nitamwambia.' Miadi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ile ilikuwa ya tatu. Siku ulipokuja alifurahi, mpaka akanifukuza, nisije nikawasikiliza. Ulipoondoka nikamuuliza, umemwambia? Akasema, 'Leo ana haraka. Nisimcheleweshe mtoto.'"

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu alikuja kazini."

Nililia hapo, nikiwa nimeshika usukani wa gari lisilokwenda popote. Bi Risiti hakunibembeleza. Alisubiri nitulie, akanipa kitambaa chake, kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akijiuliza jambo hilo siku nyingi:

"Hivi siku ile ulikuwa unawahi wapi?"

"Nyumbani."

"Kulikuwa na nini?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kumwambia.

"Nilitaka nikalichomeke gari."