Waliomzika Ibrahimu

Maximilla alipiga goti uani pale Kitanga, akapiga makofi ya salamu taratibu, kama alivyofunzwa kwao Kumsenga. "Mwakeye, mama." Philomena, mjane wa marehemu, akageuza uso kuitazama migomba. Salamu ya asubuhi ikabaki pale chini, haina wa kuiokota.

Maximilla hakushangaa. Miaka zaidi ya ishirini nyuma, Philomena huyuhuyu ndiye aliyemfukuza mama yake. Mama huyo, Dorcas, alikuwa binti mkimbizi kutoka Burundi, aliyepokelewa kwa marehemu, mzee Kipriani, asaidie kazi za nyumbani. Kwa kuwa Philomena alikuwa hajajaliwa mtoto, Dorcas akamzalia mzee binti. Halafu Philomena naye akajaliwa Crispin, na nyumba iliyowatosha wote ikawa ndogo ghafla. Dorcas akatoka na mtoto mgongoni na kibuyu cha maji. Jana, akimsindikiza binti yake, hakuwa na maneno mengi.

"Kamzike baba yako. Katika ukoo ule mzaliwa wa kwanza ndiye anayetangulia kutupa udongo, na wa kwanza ni wewe. Usiende kunililia mlangoni."

Kwenye mabenchi, wanaume walikwisha kuuacha msiba, wakahamia Mashariki ya Kati. Redio ilikuwa imewataja Waarabu na Wayahudi, na hiyo ikatosha.

"Wayahudi ni wa Isaka, mwana wa ahadi," alisema mwalimu Nathaniel, mtu wa Upare, Biblia mapajani. "Waarabu ni wa Ishmaeli, mtoto wa kijakazi. Urithi haukumhusu."

Bwana afya Rajabu, mzaliwa wa Ujiji, akacheka kwa adabu ya msibani. "Ismaili ndiye mkubwa, mwalimu. Na wapo wasomi wanaosema watu hao chimbuko lao ni moja, lugha zao ndugu. Sasa nani mgeni kwa mwenzake?"

"Mtoto wa kijakazi ni mtoto wa kijakazi tu."

Maneno hayo yalimchoma Maximilla, kisha yakamnyoosha mgongo.

Jeneza liliposhushwa, mzee wa ukoo, Makarius, akaita mtoto wa marehemu asogee. Crispin akasogea, ngumi imejaa udongo. Maximilla naye akasogea. Makarius akamkingia fimbo.

"Weye mwana, subiri. Tunaanza na wa nyumbani."

"Nitasubiri, baba," alisema Maximilla bila kupaza sauti. "Lakini kwanza mwalimu anijibu. Ibrahimu alipokufa, walimzika akina nani?"

Nathaniel alifungua kinywa upesi, kama mtu aliyezoea kujibu, akakifunga. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mwongo.

"Isaka," alisema. Kisha akashusha pumzi. "Isaka na Ishmaeli. Wanawe wote wawili, pamoja. Imeandikwa."

Crispin alimtazama mwanamke ambaye jina lake alikuwa amelisikia kwa minong'ono tu. Alikuwa na kidevu cha baba yao. Crispin akaishusha polepole fimbo ya Makarius, akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, tangulia."

Fahari ilimjaa Maximilla. Aliinama, akachota udongo mwekundu kwa mikono miwili, mmoja wa kwake na mmoja wa Dorcas, akauachia. Crispin alisubiri mpaka uliposikika juu ya ubao, ndipo naye akafumbua ngumi.

Nyuma yao yakasikika makofi mepesi, ya mikono ya kizee.

"Mwakeye," alisema Philomena.

Ilikuwa salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa limekwisha kupinda. Maximilla alijifuta mikono kwenye kitenge, bila haraka, kisha akageuka.