Farasi wa Bruda Serwacy

Kwenye kibao cha kanisa letu, kijijini Wola Jesionowa, wameandika kwamba Bruda Serwacy "alifariki wakati wa vita." Alifariki! Kama mtu aliyeshikwa na homa. Aliuawa mbele ya lango letu, mwaka wa arobaini na tatu, mimi nikitazama. Na aliyelipia kibao hicho alikuwa anatazama pia.

Mimi si mtu wa kanisa. Kabla ya vita nilikuwa nikiwagomesha wavunaji wa bwana mwenye shamba, na mapadre walinihubiria moto. Bruda huyu alikuwa mtawa mwombaji tu: kila vuli alipita na gari la farasi kukusanya chakula cha monasteri, na nusu yake ikaishia kwa wajane njiani. Tulipogoma, alitushushia gunia zima la viazi.

"Bruda, hivi si vya Mungu?" nilimtania.

"Basi Mungu naye kagoma. Shika huku, mvivu wewe!"

Wajerumani walipopiga marufuku kusaga nyumbani, ili nafaka yote iwe yao, tulizika mawe yetu ya kusagia chini ya samadi. Aliyekutwa na jiwe alipelekwa kambini. Walipekua mara mbili, wakatoka mikono mitupu. Ndipo Wincenty Kurzawa, mkuu wa kijiji, yule yule aliyekuja kulipia kibao, akawanong'oneza kwa chupa moja ya pombe: farasi wa bruda husimama mwenyewe penye lango linalotoa unga. Na nani ana unga, kama si mwenye jiwe?

Asubuhi moja bruda akaletwa, askari watano nyuma ya gari lake.

"Wewe usiseme kitu, mtawa," kiongozi wao alicheka. "Farasi atasema. Achia hatamu."

Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia. Lango la kwanza lilikuwa la Kurzawa. Farasi alilipita bila hata kugeuza shingo, maana pale hakuwahi kupewa punje. La pili lilikuwa letu. Akaanza kupunguza mwendo.

Bruda akaruka chini. "Samahani, wakubwa, mkanda unamkata bega." Akafungua mkanda mmoja, wa pili, wa tatu, taratibu, kama anayemvua mtoto viatu. Kisha akamchapa kofi la matako. "Nyumbani, bibi wee!"

Farasi akatimua mbio, akakata shamba la viazi kuelekea monasteri. Walifyatua risasi mbili, wakamkosa.

Bruda akaingia mwenyewe kati ya miti miwili ya kuvutia gari, akaishika.

"Haya, twendeni. Ila mimi nina njaa kuliko yeye. Nitasimama kila mlango."

Walimpiga risasi miti ikiwa bado mikononi mwake.

Farasi hakuwa amesimama penye lango lolote, basi waliondoka wakiamuru maiti isiguswe. Milango yote ikabaki imefungwa. Wetu pia ungebaki; mimi, mhutubiaji wa mikutano, nilikuwa nimekaa sakafuni. Mama akajifunga kitambaa kichwani.

"Wewe mwenye maneno mengi! Inuka, ushike miguu."

Tukamlaza ndani ya gari, tukalivuta wenyewe, mchana kweupe. Kwenye nyumba ya sita akatoka mjane Rozalia, akasukuma. Kisha fundi viatu. Kisha wengine. Tulipofika monasteri tulikuwa kumi na wanne, na katika kijiji kizima hakuna jiwe hata moja lililopatikana, siku ile wala baadaye.