Nane kwa Mia ya Murugi

Ijumaa, tarehe moja Januari 2021, saa mbili kasorobo asubuhi, Gatimu na mkewe Murugi walitoa nje ya lango makreti ya mishiri, yale maharagwe mabichi membamba yanayoliwa na watu wa ng'ambo. Sikukuu au si sikukuu, mishiri haingoji. Ukichelewa siku mbili inakomaa na hakuna mzungu ataitaka. Ndani ya boma walikuwa wameipima ikawa kilo mia. Nje, kando ya barabara, mizani ileile ikasema tisini na mbili.

Murugi hakupiga kelele. Alirudi shambani, akachuma mishiri mia moja, akaihesabu ndani ya aproni, akatoka nayo langoni na kuihesabu tena. Tisini na miwili.

"Ni lango," akasema, akaenda kupika chai.

Gatimu alikuwa amesikia redioni kwamba Uingereza imetoka kwa Muungano. Muungano aliojua yeye ni mmoja tu, Muungano wa Wakulima wa Mishiri wa Gakindu, wenye wanachama arobaini na mwenyekiti anayeitwa Gicheru. Akamwendea.

"Mwenyekiti, hawa Waingereza walikuwa memba lini? Sijawahi kuona wakichanga hata ya chai."

Gicheru alicheka mpaka akashika mlango. "Si Muungano yetu, mzee. Ni ile ya huko Ulaya. Wakiwa ndani, mishiri yetu ilikuwa inaingia kwao bure. Sasa wametoka, na mpaka wasaini karatasi ingine na sisi, mlango iko na ushuru. Nane kwa mia."

"Mlango gani?"

"Ya kwao."

"Na mbona iko kwa yangu?"

Gicheru akawaza, akahesabu kwa vidole. Mwenye duka kule London hatalipa, atamsukumia anayemletea. Huyo ataisukumia kampuni ya Nairobi. Kampuni itamsukumia dalali wa Kagio, dalali amsukumie Gicheru, Gicheru awasukumie wanachama.

"Na mimi nisukumie nani?"

"Wewe, Gatimu, boma yako ndiyo ya mwisho. Nyuma yako ni mto."

Ilikuwa kweli. Ushuru ulikuwa umesukumwa kutoka ng'ambo mpaka ukafika langoni pa mtu asiye na mtu nyuma yake, ukakaa hapo. Tangu Waingereza wapige kura ya kutoka, wakubwa walikuwa na miaka minne na nusu ya kuandika hiyo karatasi moja. Gatimu, aliyeishia darasa la tatu, angeiandika kwa wiki.

Lango lilitoza kila kitu. Maziwa yalitoka yamepungua. Mayai ishirini na matano yalitoka ishirini na matatu. Maneno pia: aliyetoka na maneno ishirini na matano kichwani aliyaacha mawili ndani. Ngendo, jirani wa ng'ambo ya barabara, alizoea kumjazia Gatimu sentensi. "Leo limekula nini?" angemuuliza, na Gatimu hangejua, kwa sababu neno lenyewe limekwisha kuliwa.

Mwezi wa pili kifua kikamshika Murugi. Ua wa boma ulikuwa wa kayaba, miiba juu mpaka chini, na pikapu yao ilikuwa na njia moja tu ya kutokea. Murugi, ambaye siku zote alitoka kwa miguu yake, sasa akatolewa langoni akiwa mzigo, amelala kwenye godoro, mzima kasoro nane kwa mia. Hospitalini Nyeri daktari alisema damu imepungua kidogo, pumzi imepungua kidogo, moyo kidogo, wala hakuna mahali pamoja ambapo angeweza kupaonyesha kwa kidole. Murugi alikaa siku tatu. Kidogo hicho ndicho alichohitaji.

Alizikwa nyumbani, karibu na migomba. Wanaume walipotaka kumalizia kufukia, Gatimu alisimama juu ya udongo.

"Hapo kwa pembe muache wazi."

"Ya nini?" Gicheru akauliza.

"Bado hajafika kamili. Hiyo nane nitaileta."

Wakaacha pembe wazi, wakanawa mikono, wakala.

Mwezi wa tatu redio ikasema karatasi imepita, ushuru umerudi kuwa sifuri. Lango halikuwa na redio. Gatimu akavaa koti lake la kanisani akaenda mjini Nyeri, kwenye ofisi moja inayoshughulikia mambo ya biashara. Karani, msichana anayeitwa Wacera, akamkaribisha kiti.

"Nimekuja mnirudishie nane kwa mia ya..." Gatimu akasema.

"Ya nani, baba?"

Alifungua mdomo. Jina lilikuwa limebaki langoni.

"Baba, ukikumbuka utarudi," Wacera akasema kwa upole, akaita mwingine.

Jumatatu iliyofuata Gatimu aling'oa lango kutoka kwenye bawaba zake, akalipakia kwenye pikapu pamoja na mishiri yake. Ushuru ulikwenda na lango. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze kilo mia zilitoka zikiwa mia, na jina la mkewe likatoka naye, limetimia. Alipitia Kagio kwanza. Dalali akapima mia, akaandika tisini na mbili.

"Hiyo nane ni ya nini?"

"Ushuru, mzee."

"Si iliisha?"

"Iliisha," dalali akasema. "Lakini tumeshazoea."

Gatimu akaendelea na safari mpaka Nyeri, akasimamisha lango mlangoni pa ofisi, akalifunga kwa waya. Mkubwa wa hapo, Bwana Zubair, akatoka nje.

"Mzee, hii ni ofisi ya serikali."

"Na huko lango imetoka ilikuwa boma yangu."

Bwana Zubair ni mtu wa haki kwa kiasi chake. Alichukua kalamu ishirini na tano, akapita nazo langoni, akazihesabu. Ishirini na tano. Wafanyakazi wakapita na mafaili, na chakula chao cha mchana, na maneno yao yote. Hakuna kilichopungua.

"Umeona?" Bwana Zubair akasema. "Hii lango haina shida."

"Haina shida na nyinyi."

Hawakuling'oa, kwa kuwa hakuna aliyejua ni idara gani hung'oa malango. Wanatundika sweta zao juu yake. Kila Jumatatu Gatimu huja na kiti chake cha kukunja, akaketi mbele ya lango katikati ya njia, na Wacera humletea chai. Wameshamwambia arudi kesho, ajaze fomu, aende Nairobi. Kaburi bado lina pembe moja wazi. Mvua ikinyesha huifunika kwa bati. Naye humuuliza kila apitaye, awe mkubwa au mdogo, kwa sauti inayofika ghorofa ya tatu: "Ile nane kwa mia ya Murugi, ni nani ako nayo?"