Mimea Iliyoipa Taa Kisogo

Je, umewahi kuona mmea ukiipa taa kisogo? Concy alikuwa akiiona sita kila asubuhi, katika chumba cha nyuma pale kwao Kansanga, ambamo zamani mlikuwa na kitanda cha mwanawe Odoch. Kitanda kilitolewa, zikaingizwa ndoo sita zilizokuwa za rangi ya nyumba, feni ndogo inayokohoa, na taa ya zambarau iliyoning'inizwa kwa mnyororo wa mbwa. Ndani ya ndoo ilikuwa bangi.

Ilikuwa ya mumewe, Tarcisio, askari mstaafu, ambaye mtaani ndiye mkuu wa ulinzi. Vidole vyake vinene vilivunja mashina, basi kazi ya kuilea akampa Concy, fundi cherehani. Ukikata kichwa cha mmea, alimwambia, vinatoka viwili. Matawi uyalaze pembeni, uyafunge kwenye ukingo wa ndoo, mpaka mmea ukae bapa kama ungo, kila tawi lipate mwanga wake. Concy hakutumia uzi, maana uzi hukata ngozi ya mmea. Alichana fulana kuukuu za mitumba za soko la Owino, akabana kitambaa kwa meno, akafunga polepole.

Asubuhi mafundo yote yalikuwa yamefunguka, na mimea imeinamia ukuta wa mashariki, majani yamenyooshwa kama vidole, upande lilipo gereza alilofungiwa Odoch.

Odoch alichukuliwa kwa sababu ya kifurushi cha bangi kilichokutwa chini ya kile kitanda. Kilikuwa cha Tarcisio. Concy alijua, maana mfuko wake aliushona mwenyewe. Polisi walipouliza, Tarcisio alimtazama mtoto wake huyo wa kambo, akatikisa kichwa: "Vijana wa siku hizi." Concy alikuwa na pini midomoni.

"Mimea hii ina jeuri," Tarcisio alisema sasa. "Na wewe hufungi, unabembeleza."

"Nafunga, Mzee."

"Kaza!"

Alizigeuza ndoo, mimea ikageuka. Akaihamishia taa ukuta wa mashariki. Matawi yakaipita taa, yakaupita na ukuta, bila kuacha ufa, yakatokea dukani kwa jirani yao Safinah, ambaye ukoo wake umeuza sukari mtaani hapo tangu enzi za babu.

"Mama Odoch, tawi lenu limefika kwenye sabuni," Safinah alisema.

"Nisamehe, dada. Linakusumbua?"

"Mimi? Nimelitundikia mitandio, mbona inauzika. Ila bambi, masikini, wateja warefu linawachapa usoni." Akalipangusa vumbi. "Linaelekea kule kule."

"Kule kule."

"Na kesi?"

"Wameisogeza tena mbele."

Polisi wa doria aliingia, akanunua soda, akainama chini ya tawi, akaenda zake.

Tarcisio alisema yeye hashindwi na majani. Alikaa chumbani ayavute matawi kwa ndani, akamtuma Concy dukani asukume, na kila tawi likirudi kidogo alifunge kwenye msumari lisije likasonga mbele tena. Concy alisukuma mpaka viganja vikanuka utomvu. Tawi lilirudi kadiri ya ukucha, likatoka kadiri ya shibiri. Fulana tatu zilikwisha kwa vitambaa. Shingo ilimuuma. Wateja walipita, wakisema pole na kazi, mama.

Concy alisema jambo, kitambaa kikiwa menoni.

"Sisikii!" Tarcisio alijibu kutoka ng'ambo ya ukuta. "Wewe sukuma tu!"

Tawi lilikuwa mkononi mwake, limetulia, limeelekea kule kule. Concy akaliachia. Akakitoa kitambaa mdomoni, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya sabuni. Ng'ambo, feni ilikohoa, na mumewe akaendelea kuvuta.

"Kifurushi kilikuwa chako, Tarcisio," alisema, duka zima likisikia. "Nenda ukawaambie. Namtaka mwanangu."