Sikio la Kaizari

Kazi yangu jeshini ni kubeba uso wa Kaizari. Ni uso wa fedha uliofungwa juu ya mti mrefu, na jeshi likienda popote mimi hutangulia nao. Desturi yetu haina maneno mengi: uso ukiwa juu, mwenyewe haguswi. Ukishushwa, huyo ni mtu tu.

Baridi ile tulikuwa ukingoni mwa Danubi, mto umeganda, habari ikaja kwamba Kaizari ameuawa. Askari hawakungoja amri ya Roma. Walimkuta jemadari wetu Dazas, mume wa dada yangu, anakunywa uji wa shayiri pamoja nao, wakamwinua juu ya ngao na kumfunika kitambaa chekundu walichokinyofoa kwenye bendera.

"Nishusheni, wajinga nyie! Uji wangu unapoa!"

Wakacheka. Mmoja akachomoa upanga, akasema kwa adabu zote, "Kubali, baba, ama tukuue sasa hivi."

Akakubali.

Mhunzi wetu, mzee Skorilo, hakuwa na fedha ya kutengeneza uso mpya. Aliugonga ule ule wa marehemu: akabonyeza pua, akapunguza kidevu, na sikio la kushoto akalikata pengo, maana sikio la Dazas liling'atwa na mbwa enzi zake za kuchunga kondoo.

"Haya shemeji, leo umenibeba," Dazas akaniambia. "Dada yako atafurahi, hatimaye umepata kazi."

"Mzito kama mdomo wako," nikamjibu.

Theluji ilipoyeyuka, jeshi la mashariki nalo lilikuwa limejitawazia Kaizari wake, na lilitujia kubwa kuliko letu mara tatu. Wale wale walioinua ngao wakanifuata asubuhi mbele ya hema la Dazas.

"Shusha uso, Bitus."

"Sishushi."

"Shusha, kaka. Usitutie dhambini."

Jua likapanda. Mikono ilikufa ganzi, kisha na mimi mwenyewe. Wakaketi chini wakitafuna mkate, wakinisubiri. Hakuna aliyenikasirikia. Mwishowe Dazas akatoka hemani, kidevu amekinyoa.

"Shusha, shemeji. Wakichoka wataanza na wewe, halafu dada yako Zaika abaki na nani?"

Nilimpenda mtu yule kuliko ndugu wa tumbo moja. Niliushusha. Walifanya haraka, na mimi nilikuwa nautazama mkate walioacha chini. Nilingoja machozi, hayakuja.

Skorilo akaugonga tena uso, akaupandisha pua, akauchora ndevu.

"Na sikio?" nikamuuliza.

"Liache. Huyu naye atakaa sana?"

Siku Kaizari mpya alipoingia kambini tulipiga kelele za shangwe kama tulivyozizoea. Katikati ya shangwe nikamwona dada yangu Zaika anapenya umati, katoka kijijini na jibini na soksi za sufu ndani ya kikapu. Alikuwa hajaambiwa kitu. Akasimama chini ya mti wangu, akainua macho, akalitazama lile sikio lenye pengo, kisha akacheka.

"Kumbe amefuga ndevu! Na hamkuniambia. Yuko wapi?"

Kaizari alikuwa anapita. Nikaunyoosha mti.